Picha imegoma kucheza, na uchumba nao ugome?

Kama mmenuniana tangu juzi, basi kaeni hapa wote wawili msome pamoja, maana mwezi huu nawaletea kisa cha kwetu Chole. Na kabla hujaniuliza, si ile Chole ya Mafia wanakokwenda watalii. Hii ni Chole ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, ingawa zote mbili zimo mkoa mmoja wa Pwani.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anafanyiwa sendofu siku ya Jumamosi. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, na kitu pekee kilichobaki kinachomwonyesha akijongea ni picha moja ya GIF. Si unazijua? Zile picha fupi zisizo na sauti, zinazocheza na kujirudia zenyewe. Hii ni ya sekunde nne tu: mzee kasimama uani, anageuka, anacheka, anapunga mkono. Ilitengenezwa kutoka kwenye video ya simu, na simu yenyewe ikaja kuibwa kwenye daladala, video ikaenda nayo.

Mchumba wake, kijana wa ofisini pale Dar, akajitolea kuandaa slaidi za kuonyesha maisha ya bi harusi tangu utotoni. Picha ya mzee akaiweka mwisho kabisa, ili wageni waagwe na mwenye nyumba. Wazo zuri, au siyo?

Ijumaa jioni turubai limeshafungwa, jenereta linanguruma, projekta ya kukodi iko juu ya meza. Tukajaribu. Slaidi zikaenda vizuri, watu wakacheka walipomwona bi harusi akiwa chekechea hana meno. Ikafika ya mwisho. Mzee akatokea kasimama, macho nusu yamefumba. Tukasubiri ageuke. Hakugeuka.

"Mbona hachezi?"

"Sijui. Ofisini ilicheza."

Kijana akarudi nyuma, akaenda mbele, akazima laptopu, akawasha. Wapi! Bi harusi machozi yakamlenga, akatoa neno ambalo nilitamani angelimeza: "Basi umemuua baba mara ya pili." Kijana wa watu akanyamaza, akachukua funguo za gari, akatoka nje. Kesho sendofu, leo wachumba hawasemeshani!

GIF NI NINI HASA?

Hapo ndipo inabidi tuelewane kidogo. GIF ilizaliwa Marekani mwaka 1987 katika kampuni ya CompuServe, na aliyeongoza kazi hiyo anaitwa Steve Wilhite, ambaye alifariki mwaka 2022. Watu wamebishana miaka na miaka kama itamkwe "gifu" au "jifu", na yeye mwenyewe mwaka 2013 akasema ni "jifu". Haya, mtajaza wenyewe.

Kikubwa ni hiki: GIF inayocheza ni bunda la picha mnato nyingi zilizofungwa ndani ya faili moja. Kompyuta inazionyesha harakaharaka, moja baada ya nyingine, na jicho lako linaona mwendo. Humohumo ndani ya faili kuna maelekezo ya kila picha ikae muda gani, na bunda zima lirudiwe mara ngapi. Sasa programu isiyojua habari za bunda inachukua ile picha ya juu tu, zingine inaziacha. Unabaki na mzee aliyefumba macho.

Kwa hiyo picha ikigoma, swali la kwanza ni moja tu: je, bunda bado lipo ndani ya faili? Njia rahisi ya kujua ni kulifungua faili hilo kwenye kivinjari, ile programu unayotumia kuingilia intaneti. Ikicheza huko, faili ni zima na tatizo liko kwenye slaidi. Isipocheza huko pia, uwezekano mkubwa ni kwamba bunda limeshamwagika njiani, na hata ubonyeze mpaka asubuhi haitacheza.

Nikajaribu. Haikucheza. Nikaangalia ukubwa wa faili: KB 90. Lile la awali, ambalo bi harusi alilituma kwa barua pepe, lilikuwa zaidi ya MB 3. Hapo nikajua mengine yote yameachwa mahali.

Nikamfuata kijana garini. "Shemeji, sikuja kukugombeza. Hebu nieleze, baada ya kuipokea hii picha uliifanya nini?"

Akainamisha kichwa. "Dada, nyuma ya mzee kulikuwa na ndoo iliyovunjika na kamba ya nguo. Nikaona kesho wazee wangu wanakuja, bora baba atokee nadhifu. Nikaifungua kwenye Paint, nikakata pembeni, nikahifadhi."

Umeona mambo hayo? Alipoijaribu ofisini ilikuwa kabla ya kuikata. Paint inajua picha moja tu, basi ikahifadhi ile ya kwanza na kuzitupa zilizobaki. Jina la faili likaendelea kuishia na herufi zilezile za GIF, kwa hiyo hakushtuka. Kijana alikuwa anamsitiri mkwewe mbele ya wazazi wake, na kwenye kumsitiri ndipo akamsimamisha.

Tukafungua barua pepe kwa tabu, mtandao wa pale si unajua tena, tukapakua faili la awali na kuliweka upya. Mzee akageuka, akacheka, akapunga mkono. Ndoo nayo ikaonekana, palepale nyuma yake.

YAKIKUKUTA WEWE

Sendofu, kitchen party, au unakwenda kumpigia bosi wako maelezo ya mradi, fuata haya kwa mpangilio:

Kwanza, anzisha onyesho lenyewe. Matoleo mengi ya PowerPoint, hasa ya zamani, hayachezeshi GIF wakati bado unatengeneza slaidi. Bonyeza F5 kwanza ndipo ulalamike.

Pili, usikopi na kupesti, na usipige picha ya skrini. Picha ya skrini ni mnato siku zote, na kupesti mara nyingi kunaleta ile moja ya juu tu. Hifadhi faili kwenye kompyuta, kisha liingize kwa kupitia menyu ya Insert kama unavyoingiza picha nyingine.

Tatu, jihadhari na WhatsApp. Ukituma GIF kama picha ya kawaida, inageuzwa kuwa video fupi ya MP4. Huyo siyo GIF tena, hata kama kwenye simu anacheza vilevile. Ama utumiwe kama dokumenti, ama uiingize kwenye slaidi kama video, halafu uiwekee ianze yenyewe na irudie mpaka utakapoisimamisha.

Nne, ukitaka kukata au kurekebisha, tumia programu inayoelewa GIF zinazocheza, na fanyia kazi nakala. Faili la awali usiliguse.

Tano, ikicheza mara moja tu na kusimama, hiyo haijaharibika. Ndani ya faili imeandikwa icheze mara moja. Inabidi ibadilishwe humohumo kwenye programu ya GIF, au uigeuze kuwa video na kuiwekea irudie.

Sita, angalia muda wa slaidi. Picha ya sekunde nne kwenye slaidi inayojigeuza baada ya sekunde mbili, wageni wataona nusu.

Saba, usizigeuze slaidi kuwa PDF wala picha za kuchomeka kwenye televisheni kwa flashi. Huko kila kitu kinakuwa mnato.

Na mwisho, jaribu kwenye mashine ileile itakayotumika, baada ya rekebisho la mwisho, na uwe na kopi ya pili. Aliyejaribu kabla ya rekebisho hajajaribu.

SASA TURUDI KWENU WAWILI

Mpenzi msomaji, angalia tofauti ya maswali mawili. "Nani kaiharibu?" na "ilifanyiwa nini njiani?" Swali la kwanza lilimtoa kijana nje na funguo mkononi. La pili lilileta jibu kwa dakika mbili, na humo ndani tukakuta mapenzi yamekaa kimya. Na yeye kijana alikuwa na kosa lake: aliikata picha ya baba wa mwenzake bila kumwambia. Kitu cha mwenzio, hasa kile ambacho hakina cha pili, usikirekebishe kimyakimya hata kama nia yako ni njema. Muulize. Sentensi moja tu.

Bi harusi alikwenda mwenyewe kuomba radhi kwa lile neno. Walikaa garini muda mrefu, mimi sikusogea, yalikuwa yao.

Jumamosi slaidi ya mwisho ilipofika, mzee akageuka akapunga mkono, ukumbi kimya. Mama mdogo akasema kwa sauti, "Ile ndoo nilimwambia aitupe, akakataa!" Turubai zima likaangua kicheko, na wengi waliokuwa wanacheka walikuwa wanajifuta machozi. Wazee wa upande wa bwana harusi wakacheka kuliko wote. Ndoo iliyofichwa ndiyo iliyowafanya wamjue mkwe wao.

Basi, kabla hujamrushia mwenzio neno zito kwa ajili ya kitu kilichogoma, keti naye mfuatilie kilikopita. Na hilo faili la awali, leo hii, lihifadhi mahali pawili.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.