Msuguano wa nani na nani?

Kuna neno la Kiingereza linalowapiga chenga watafsiri wengi wa habari hapa mjini: "chafe". Mkanda wa begi ukikuchubua bega, hiyo ndiyo "chafe". Mtu akichoka kubanwa na bosi wake, Mwingereza anatumia neno hilo hilo. Mtafsiri akilikuta anaandika "msuguano", anafunga kazi, anakwenda kunywa chai. Mimi sikubaliani naye hata kidogo.

Neno lenyewe limetoka mbali. Asili yake ni Kilatini, "calefacere", yaani kupasha moto. Wafaransa wa zamani wakalifanya "chaufer", Waingereza wakalibeba. Mwanzoni halikuhusu kidonda chochote, lilihusu joto tu. Likaja kuwa kusugua kitu kipate joto, kisha kusugua mpaka ngozi itoke. Upande mwingine likawa hasira, maana hasira nayo ni moto (si hata sisi tunasema damu inachemka?). Arusha imejaa ndugu zake bila watu kujua. Yale masufuria ya bufee yenye moto chini, ambayo kila aliyewahi kuripoti semina pale AICC anayafahamu vizuri sana, jina lake la Kiingereza linatokana na neno hili. Na "chauffeur"? Kabla hajawa dereva, kwa Kifaransa alikuwa mchochea moto wa injini ya mvuke.

Kiswahili nacho hakina njaa hapa. Tunakwaruza, tunachubua, tunakereketwa koo. Halafu tuna sugu, ile ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa muda mrefu. Wapagazi wanaopanda Meru kutokea geti la Momella wanaijua hiyo mabegani mwao. Kutoka kwenye ngozi hiyo tumepata mhalifu sugu, mdaiwa sugu, hata vimelea sugu wasiosikia dawa.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye ile "-ana". Ukisema wanasuguana, umesema kila upande unasugua na kila upande unasuguliwa. Kifizikia ni sawa. Lakini mwulize mpagazi jioni, akishafika kibandani Miriakamba, ni nani kati yake na mkanda anayehitaji mafuta ya kupaka.

Ndiyo maana kichwa cha habari kama "Msuguano kati ya mwekezaji na wanakijiji" kinanikera. Kinawaweka kwenye mzani mmoja kabla hata msomaji hajajua nani kamfanya nini nani.

Chukua mfano wa hapa hapa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kule Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuwasemea wenzake Umoja wa Mataifa, akasikilizwa, lakini azimio la kuwaunga mkono likakosa theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu. Haya, andika sasa: "Msuguano wa ardhi kati ya Wameru na walowezi". Umeona nyumba yoyote ikiungua hapo? Mimi sijaiona.

Mwingereza, pamoja na mambo yake yote, akitumia "chafe" kwa watu huwa anaongeza kwamba wako chini ya kitu fulani: chini ya sheria, chini ya mtawala. Aliye juu anatajwa. Sisi hatuhitaji hata kuazima, vitenzi tunavyo: wamebanwa, wamechubuliwa, wamefukuzwa. Ongeza "na" halafu jina la aliyefanya, sentensi imekamilika.

Msuguano tuuache kwa wanaotoshana nguvu. Simba na Yanga wakigombania mchezaji mmoja, huo ni msuguano, uandike hata ukurasa wa mbele kwa wino mwekundu.