Mashine Hujuaje Joto Lake?

Vijana wenye vibanda vya michezo ya televisheni hapa kwetu Mbulu wameniuliza jambo ambalo yafaa lielezwe vizuri, maana riziki yao imo ndani yake. Mashine zao kuukuu za PlayStation 3 zimetiwa programu ya ziada iandikayo joto katika kioo, nao huona digrii 70 za sentigredi hata asubuhi ya baridi kali ya Julai. Nambari hiyo yatoka wapi, nayo iaminiwe kwa kadiri gani?

Basi ijulikane kwamba programu haina kidole cha kugusia. Ndani ya chipu yenyewe mna dayodi, kitu kidogo mno. Umeme kidogo ukipitishwa humo, volti zake hupungua kwa takriban milivolti 2 kila joto lipandapo digrii 1. Chombo kingine hupima upungufu huo na kuugeuza kuwa tarakimu. Kazi ya programu ni kwenda kuuliza, kusoma na kuandika, kisha kungoja kidogo na kuuliza tena. Ni mpeleka habari tu.

Kwa hiyo digrii 70 ni habari za ndani ya chipu, wala si za kasha wala za chumba. Baridi yetu husaidia, sikatai. Lakini Mbulu iko juu ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi huchukua joto dogo kuliko hewa ya Tanga. Tena kuna vumbi la kiangazi.

Na hapa ndipo wengi hudanganyika. Nambari hiyo hiyo ndiyo iamrishayo feni. Vumbi likiziba njia, feni huzidishwa mbio, na kioo huendelea kusema 70 kana kwamba hapana neno. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya mashine za Xbox 360 zilizoharibika, na joto lilikuwa miongoni mwa sababu. Mwenye kibanda hana hazina kama hiyo! Basi na aandike daftarini joto pamoja na mwendo wa feni, kwa mchezo ule ule, kila mwezi. Ikiwa feni ilikwenda kwa 30 katika 100 na sasa yaenda kwa 50, afungue kasha asafishe, japokuwa joto halikubadilika.