Vyama Viwili Havikushuka Kutoka Mbinguni



Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba nchi yenye akili huwa na vyama viwili tu, kimoja kitawale na kimoja kipinge. Mfano wao ni Uingereza. Sisi watu wa reli twasema, mfano huo ni mzuri, lakini usisimuliwe nusu.

Vyama vya kwanza vya huko, Tory na Whig, vilianza karibu na mwaka 1679. Viligombana kama ndugu ya mfalme, aliyekuwa Mkatoliki, aruhusiwe kurithi ufalme. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa mabwana wenye mashamba. Baadaye vikawa Conservative na Liberal. Wafanyakazi wengi wa mijini walipata kura mwaka 1867, na wa mashambani mwaka 1884. Lakini kura hiyo ilikuwa ya kuchagua bwana yupi awasemee.

Nani aliyevunja desturi hiyo? Ni watu wa reli. Tawi lao la Doncaster lilitoa azimio kwamba wafanyakazi wawe na watu wao wenyewe Bungeni, na mwaka 1899 mkutano mkuu wa vyama vya wafanyakazi ukalipitisha. Kamati ikaundwa Februari 1900, na katika uchaguzi wa mwaka ule ikapata viti 2 tu. Kisha mwaka 1901 majaji wakaamua kwamba kampuni ya reli ya Taff Vale yaweza kukidai chama hasara ya mgomo. Chama kikalipa pauni 23,000. Hapo waliokuwa wakisitasita wakaamka. Mwaka 1906 walipata viti 29 na kujiita Labour. Mwaka 1922 wakawapita Liberal, na mwaka 1924 wakaunda serikali.

Basi vyama vikubwa vilibaki viwili, lakini si vile vile.

Tena tusidanganywe na jina. Waziri wa Makoloni mwaka 1924 alikuwa J. H. Thomas, kiongozi wa chama cha watu wa reli. Hata hivyo Kenya ilibaki koloni mpaka 1963.

Kwa hiyo tusihesabu vyama tu. Tuulize: chama hiki chaendeshwa kwa fedha za nani, na maazimio yake yaandikwa na nani? Azimio lile lilitoka katika mkutano wa tawi. Mkutano wa tawi letu ukiitwa, ndugu, tusikae nyumbani.