Sabufa Isimeze Maneno ya Taarabu

Huku Mugutha, karibu na Ruiru, vyumba vya kupanga vimebanana, na sabufa moja hutetemesha vikombe vya jirani wa tatu. Sipingi besi, lakini taarabu ni maneno. Nyuma ya sabufa pana swichi ya kuzungusha inayogawa sauti: iwekeni kwenye hezi 80 hivi. Mkiipandisha hadi 150, sauti ya mwimbaji, hasa mwanamume, yaanza kuvumia sandukuni. Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 hazikuwa na besi ya kutikisa ukuta. Waliozinunua walitaka kusikia anasema nini. Sabufa ina amplifaya yake ndani, spika zategemea nyingine. Basi baada ya isha mimi huizima, na spika zaendelea kuimba.