Mtihani wa leseni ya udaktari ufanywe lini?



Nami natoa maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana miaka ya karibuni, yaani mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kwa vijana wanaomaliza masomo ya udaktari. Wako wanaosema usiwepo kabisa, maana chuo kikuu kimekwisha kumtahini kijana. Wako wanaotaka uwepo, tena uwe mgumu. Mimi nasema uwepo, ila ubishi wa kweli uwe juu ya wakati wa kuufanya.

Shule ya udaktari ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 ilikuwa moja tu nchini, na kipimo kilikuwa kimoja. Leo wako wa Muhimbili, wa KCMC, wa Bugando, wa Dodoma, wa Kairuki, na wako waliosomea Uchina, Urusi na hata Ukraine kabla ya vita vya 2022 kuwatawanya. Mgonjwa anayetolewa huku Lembeni kupelekwa Moshi usiku huenda akapokewa na daktari mtarajali, na hawezi kumwuliza amesoma wapi. Kipimo kimoja kwa wote ni haki ya mgonjwa huyo.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Kijana husoma miaka mitano, kisha hufanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini akiwa na usajili wa muda, ndipo apate usajili kamili. Mtihani ukiwekwa baada ya chuo na kabla ya utarajali, unamkuta hana pa kushika. Bweni hana, mkopo umekoma, na mwalimu wa kumrudisha kwenye somo alilokosea hayupo. Akianguka anarudi nyumbani kwa wazazi kungoja mtihani mwingine, na huko hana wodi wala mgonjwa wa kujifunzia, kwa hiyo hata alichokijua kinamtoka. Ukiwekwa mwisho wa utarajali ni nafuu kidogo, maana kazi ya mikono imekwisha kuonekana. Lakini yule asiyejua kipimo cha dawa atakuwa amekwisha kutibu watu mwaka mzima. Hapo mtihani utakuwa umemlinda nani?

Oktoba 2022 tuliona mambo ya wanasheria. Katika ile taasisi ya uanasheria kwa vitendo, kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Kelele zikawa kubwa, Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Sisemi kwamba vijana wale walionewa. Ninachosema ni kwamba kasoro iliyoanzia nyuma ilionekana siku ambayo vyuo vilivyowapa shahada vilikuwa vimekwisha kunawa mikono.

Wenzetu nao wamehangaika na jambo hili. Marekani mtihani wa leseni una sehemu tatu, na ya kwanza kwa desturi ilifanywa baada ya miaka miwili ya chuo, kabla ya kuingia wodini. Alama zake zikawa ndizo za kuchagulia nani apate nafasi nzuri, wanafunzi wakaacha mihadhara wakakariri maswali. Tangu Januari 26, 2022 sehemu hiyo haitoi alama tena, ni kufaulu au kushindwa, na baadhi ya vyuo vimeisogeza mbele mpaka mwanafunzi apitie wodi. Uingereza, kuanzia mwaka wa masomo 2024/25, wanafunzi wao hutahiniwa kwa kipimo cha taifa kabla ya kupewa shahada.

Sisi waalimu wa shule za msingi tunalifahamu jambo hili. Upimaji wa darasa la nne hufanywa mtoto akiwa bado mikononi mwetu, na asiyejua kusoma bado tuna muda naye. Katika chuo cha ualimu pia, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na daftari lake akakusahihisha kabla hujakabidhiwa watoto peke yako.

Kwa hiyo nashauri mtihani wa Baraza wa kuandika ufanywe chuoni, mwanafunzi akiwa amekwisha kuzunguka wodi kuu, na atakayeanguka afundishwe papo hapo. Matokeo yawe kufaulu au kushindwa tu, tusije tukaangukia kwenye kukariri kama wale wa Marekani. Mwisho wa utarajali ubaki mtihani wa vitendo, kitandani kwa mgonjwa, mbele ya mtahini asiye mkubwa wake wa kazi. Waliosomea nje wafanye ule wa kuandika mara wanaporudi, kabla ya kumgusa mgonjwa.

Na ada je? Kijana asiye na mshahara alipie mtihani kila anaporudia, au chuo kilichompitisha kichangie? Ningeomba Baraza litujibu katika ukurasa huu huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Lembeni, Mwanga.