Msitu wa Karura si Kiwanja Kitupu

Wako watu ambao wakiona miti imesimama kando ya mto katikati ya mji husema mara moja: «Kiwanja hiki kinakaa bure.» Hata kwetu Kongo maneno hayo tunayasikia, wala wanaoyasema si wajinga. Wengine wamesoma sana, wana kalamu mfukoni na ramani ya mji mkononi. Leo nataka kubishana nao, na shahidi wangu ni msitu ulio mbali nasi: Karura, katika mji wa Nairobi, nchi ya Kenya.

Mtaniuliza, Karura inatuhusu nini? Mama aliyeupigania msitu ule, Wangari Maathai, tuna deni kwake sisi Wakongomani. Mwaka 2005 wakuu wa nchi za Afrika ya Kati walimchagua awe balozi wa msitu mkubwa wa bonde la Kongo. Tena ni mtoto wa shule za misioni: alisomeshwa na masista wa Konsolata huko Mathari, Nyeri, kisha na masista wa Loreto huko Limuru, kisha na Wabenediktini wa Atchison, Marekani. Basi si mgeni kwetu.

Karura ina ukubwa wa hekta 1,041. Serikali ya kikoloni iliuandika kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, lakini Wakikuyu waliujua zamani kabla ya karatasi ile. Ndani yake hupita mito midogo, Karura, Ruaka, Gitathuru na mingine, ambayo maji yake huishia katika mto Nairobi. Kuna maporomoko ya maji, na karibu nayo mapango ambayo wazee husema wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Mtu atembeaye kando ya mto ule husikia maji na ndege, ingawa motokaa ziko karibu pande zote.

Je, hicho ndicho kiwanja kinachokaa bure? Tazama kazi yake. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mabati na lami, maji yote hukimbilia mtoni kwa saa moja. Ikinyesha msituni, majani huivunja nguvu, mizizi hushika udongo, na ardhi hunywa maji polepole na kuyatoa polepole. Mwaka 2024, mwezi wa nne na wa tano, mafuriko yaliua watu wengi Nairobi, na mitaa ya maskini iliyojengwa kando ya mito, kama Mathare, iliumia sana. Baadaye serikali ikaamuru watu waondoke kandokando ya mito, na nyumba nyingi zikabomolewa. Maskini walilipa mara mbili: kwanza kwa maji, kisha kwa tingatinga. Nani aliyewafundisha watu kwamba ukingo wa mto ni mahali pa kujenga? Ni wale wale wanaosema kwamba ardhi isiyo na nyumba ni ardhi isiyo na kazi.

Lakini thamani ya Karura haiko katika maji peke yake. Msitu ule ulinunuliwa kwa damu, na hapo nataka kukaa kidogo.

Mnamo mwaka 1998 ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya msitu ilikuwa imegawanywa kimyakimya kwa makampuni, ili yajenge nyumba za fahari. Wananchi hawakuulizwa. Wangari na wenzake wa Green Belt Movement walikwenda kuona, wakakuta miti imekatwa na mashine zinafanya kazi. Tarehe 8 Januari 1999 alirudi pamoja na wabunge wachache na waandishi wa habari. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na mche, wakitaka kuupanda mbele ya lango tu. Kundi la wanaume likawavamia kwa fimbo na mijeledi. Mama yule alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kutoa habari, aliweka sahihi kwa damu iliyotoka kichwani mwake, ili asije mtu akasema kwamba jambo lile halikutokea.

Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia njiani kwa hasira, na chuo kikafungwa. Tarehe 16 Agosti mwaka ule ule, Rais Moi akatangaza kwamba ugawaji wa ardhi ya umma umekatazwa. Mwaka 2004 Wangari akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Wengi hukumbuka tuzo ile. Mimi hukumbuka zaidi ile karatasi ya polisi.

Wako wengine wanaobisha kwa njia nyingine. Wanasema: «Karura ni bustani ya matajiri. Imezungukwa na Muthaiga, Runda na Gigiri. Maskini anapata nini humo?» Hao wana haki kidogo, wala sitaki kuwadharau. Ni kweli kwamba mwenye njaa hashibi kwa kutazama maporomoko. Lakini wasisahau msitu ulivyokuwa kabla ya mwaka 2009: wanyang'anyi walijificha humo, na mwanamke hakuthubutu kupita peke yake. Ndipo watu wakaunda chama cha Marafiki wa Karura, wakatafuta fedha, wakazungusha ua wa umeme. Vijana wa Huruma, mtaa wa maskini ulio mpakani, wakafundishwa kuwa walinzi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kutunza msitu pamoja na serikali, nao wakaitumia. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima aliingia kwa shilingi 100. Ikiwa shilingi 100 ni nyingi kwa maskini, basi tudai apunguziwe, au aingie bure siku ya Dominika. Hiyo ni hoja njema, nami nitaitia sahihi. Kumwambia maskini akubali msitu ukatwe kwa sababu jirani yake tajiri pia huupenda, hiyo si hoja.

Na vita haijaisha. Mwaka 2024 ilisikika habari ya kukata kipande cha msitu ili kupanua barabara ya Kiambu. Mwaka 2025 yakatokea mabishano makali juu ya fedha za mlangoni: ziende zote katika sanduku la serikali, au zibaki na wale wanaoutunza msitu pamoja na Huduma ya Misitu?

Najua watu wa serikali watasema: mali ya umma, hesabu ya umma. Sawa. Hakuna anayekataa hesabu. Marafiki wa Karura nao wafungue vitabu vyao, kila mtu asome. Lakini huwezi kumwachia mtu shamba lenye miiba, alisafishe kwa mikono yake miaka kumi na mitano, kisha siku ya mavuno umwambie: «Asante, sasa toka.» Tena fedha zikisafiri mbali na lango, mlinzi wa Huruma atalipwa na nani mwisho wa mwezi? Ua ukikatika usiku, nani ataushona asubuhi? Wanaotaka sanduku la fedha watujibu maswali hayo mawili kwanza, kwa maandishi, na majibu yao yabandikwe langoni, ambapo wapita njia wote wataweza kuyasoma.