Wajamaika Si Wavivu, Wasimamizi Wafundishwe

Waajiri wa Jamaika waache kusema kwamba wafanyakazi wao ni wavivu. Maneno hayo tumeyasikia vya kutosha, na ushahidi unayakataa.

Tangu mwaka 1966 Wajamaika wamekuwa wakienda Kanada kila msimu kuchuma matunda na mboga, chini ya mpango wa serikali mbili, na wakulima wa Ontario huwaita tena mwaka unaofuata. Mashamba hayo si pepo. Wafanyakazi wenyewe wamelalamikia malazi na namna wanavyotendewa. Ujira mkubwa nao unavuta, hatukatai. Lakini mtu hawezi kuwa mvivu Kingston, akapanda ndege, akashuka Toronto akiwa hodari. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi: zana zipo na kila mtu anajua leo kinatakiwa nini.

Nyumbani mambo ni mengine. Fundi anasubiri kipuri ambacho hakuna aliyekiagiza. Karani ana mteja mbele yake lakini hana ruhusa ya kuidhinisha hata malipo madogo, kwa hiyo wote wawili wanamngoja bosi aliye mkutanoni. Jioni bosi anarudi na kuuliza mbona kazi haijasogea. Huko ni kumgombeza mpishi kwa chakula kuchelewa, na ufunguo wa ghala unao wewe mfukoni.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1982 Carl Stone, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha West Indies, aliifanyia serikali uchunguzi juu ya mtazamo wa Wajamaika kuhusu kazi. Mwaka 1997 Kenneth Carter akatoa kitabu kizima kuhusu kwa nini wafanyakazi hawajitumi, akaonyesha jinsi meneja na mfanyakazi wasivyoaminiana, na jinsi mfanyakazi anavyotamani kuheshimiwa. Desturi hiyo ya kutoaminiana ilizaliwa kwenye mashamba ya miwa. Watumwa walipata uhuru kamili mwaka 1838, ila nyapara alibaki, na tabia zake zikahamia kiwandani na ofisini: amrisha, ficha hesabu, usimwamini mtu.

Sasa hakuna pa kukwepea. Mwaka 2024 ukosefu wa ajira Jamaika ulishuka chini ya asilimia 5, lakini kwa miongo mingi uchumi umekua kwa wastani wa kama asilimia 1 tu kwa mwaka. Watu wako kazini. Kilichobaki ni saa zao kuzaa zaidi, na saa hizo anayezipanga ni meneja.

Dawa ya kutoaminiana huko inajulikana, tena nchi za Karibi zenyewe zimeshaitumia. Barbados ilipokumbwa na msukosuko wa uchumi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikaa meza moja, na mwaka 1993 wakatia sahihi makubaliano juu ya mishahara na bei. Dola yao haikushushwa thamani. Jamaika nayo mwaka 2013 ilikuwa na deni lililozidi asilimia 140 ya pato la taifa. Iliundwa kamati yenye watu wa sekta binafsi, serikali na vyama vya wafanyakazi, ikawa inawatangazia wananchi kama malengo yamefikiwa au la. Kufikia 2024 deni lilikuwa chini ya asilimia 80. Nchi nzima iliweza kuonyeshwa hesabu zake, kiwanda cha watu hamsini kinashindwa nini?

Waajiri waanze na msimamizi wa zamu. Mara nyingi alipandishwa cheo kwa sababu alikuwa fundi mzuri, akakabidhiwa watu kumi na wawili bila hata siku moja ya kufundishwa namna ya kugawa kazi, kusikiliza lalamiko au kumrekebisha mtu bila kumfedhehesha. Afundishwe hayo. Apewe mamlaka ya kununua kipuri. Kila Jumatatu awaeleze watu wake wiki iliyopita walitoa kiasi gani, nini kiliwakwamisha na nani atakiondoa. Tija ikipanda, mfanyakazi aione kwenye mshahara, maana asipoiona ana haki ya kuuliza anajituma kwa faida ya nani.

Fedha za mafunzo za mwaka ujao ziende kwa wasimamizi hao kwanza, na siku ya kwanza ya darasa mkurugenzi mkuu akae humo pamoja nao.